Jina Moja Juu ya Faili

Barua ya kuomba nafasi katika kitivo cha udaktari mjini Bukavu haitungwi, hunakiliwa. Yangu niliinakili kwa binamu aliyeomba sheria, naye alikuwa ameinakili kwa jirani aliyeomba kilimo. "Mheshimiwa Rekta, nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu ya juu…" na kuendelea hivyo hivyo, Kifaransa kilichopigwa pasi, hadi kwenye zile salamu ndefu za mwisho ambazo hakuna binadamu anayezitamka kwa mdomo. Nilibadilisha jina na tarehe, na palipoandikwa sheria nikaandika udaktari. Baba, mwalimu wa Kifaransa wa miaka mingi, aliipitia kwa kalamu nyekundu, akaongeza koma mbili, akasema sasa imekaa sawa.

Ndani ya barua ile hamkuwa na neno hata moja kuhusu wagonjwa. Haikueleza kwa nini msichana wa mtaa wa Cimpunda, mtoto wa mwalimu na muuza sambaza, anataka kutibu watu. Wala hakuna aliyeuliza, si chuoni, si nyumbani. Huo ulikuwa mwaka 2007, na kwa muda mrefu niliamini kwamba kutouliza huko ni kasoro ya mfumo wetu. Siku hizi nasimamia mitihani ya kuingia ya vijana wengine, na imani hiyo imenipungua. Faili letu lina pengo, ndiyo, ila pengo lenyewe naliona mahali pengine.

Msomaji wa Dar es Salaam anaijua njia yake: kidato cha sita, mchepuo wa fizikia, kemia na biolojia, kisha maombi. Wa Nairobi anasubiri alama zake za KCSE na mgao wa KUCCPS. Kwetu kila kitu huanzia kwenye Mtihani wa Serikali, ule unaofunga miaka ya sekondari. Upo tangu 1967, ni mmoja kwa nchi nzima, uwe Bukavu, Mbuji-Mayi au Matadi, na kinachorudi kwako mwishoni ni namba moja: asilimia. Namba hiyo haikuachi. Mtu wa Bukavu anaweza kusahau jina la mume wako lakini anakumbuka ulipata ngapi. Siku matokeo yanapotoka, waliofaulu humwagiwa poda barabarani, kichwani, usoni, hadi kope zinakuwa nyeupe, na pikipiki hupita zikipiga honi huku zimebeba watu wanaofanana na mizimu yenye furaha. Mimi nilimwagiwa poda kwa asilimia 67, katika Biolojia-Kemia, na mama mmoja wa jirani ambaye hakuwahi kunisalimia alinimwagia kopo zima.

Vitivo vya udaktari, hata hivyo, haviiamini sana namba hiyo, na vina haki. Kila mtu anajua kuna shule ambazo alama hupatikana kwa jasho na nyingine ambazo hupatikana kwa michango. Kwa hiyo vyuo hupenda kujipimia vyenyewe: asilimia inakufikisha mlangoni, halafu unakalishwa tena mbele ya kemia, biolojia, fizikia, hesabu na Kifaransa.

Kwamba kuna mlango wa kubisha hapa Bukavu ni jambo jipya kuliko vijana wanavyodhani. Babu yangu mzaa baba alikuwa muuguzi Katana, kaskazini ya mji, kwenye hospitali ya FOMULAC iliyojengwa na watu wa Chuo Kikuu cha Louvain cha Ubelgiji. Miaka ya 1950 alikuwa anashika taa na koleo kwenye upasuaji, anajua kidonda kitakachopona na kisichopona kwa kukinusa tu, lakini udaktari kwa Mwafrika haukuwa jambo la kuombwa. Mkongo aliweza kufika hadi msaidizi wa daktari, basi. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960 haikuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Shirika la Afya Duniani lililazimika kuwapeleka wasaidizi wapatao 60 Ufaransa wakamalizie masomo ili warudi wakiwa madaktari. Babu hakuwa msaidizi, alikuwa muuguzi tu, kwa hiyo ndege ile haikumhusu. Alilisimulia jambo hili bila uchungu, kama mtu anayekueleza kwa nini mto fulani hauvukiki.

Baadaye milango ilikuwepo, ila mbali. Kinshasa iko kilomita kama 1,500 kutoka hapa kwa mstari wa ndege, na hakuna mwenye akili timamu anayekwenda huko kwa barabara. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu kilianza mwaka 1989, na vyuo vingine, kile cha Waprotestanti kule Panzi na kile cha serikali, vikafuata miaka ya mwanzo ya 1990. Kabla ya hapo mtoto wa Kivu ya Kusini aliyetaka koti jeupe alipanda ndege au alivuka mpaka.

Denis Mukwege alivuka mpaka. Tunamtaja sana, kuanzia mwaka 2018 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad, na walimu humtumia kuwasukuma wanafunzi wavivu. Lakini sehemu ya maisha yake inayonivutia mimi si ile ya Oslo. Ni ile ya 1974. Mwaka huo alimaliza Institut Bwindi, hapa hapa mjini, upande wa biolojia na kemia. Sababu ya kutaka udaktari alikuwa nayo tangu utotoni: mwenyewe husimulia jinsi alivyomfuata baba yake, mchungaji, kuombea mgonjwa, akajiuliza kwa nini baba haongezi na dawa. Sababu nzuri kuliko hiyo utaipata wapi? Na bado miaka miwili iliyofuata aliitumia Kinshasa katika kitivo cha uhandisi. Ni 1976 ndipo alipoingia udaktari, na si Kongo bali Bujumbura, chini tu ya bonde la Ruzizi. Alitoka daktari mwaka 1983, akaenda hospitali ya Lemera, kisha Angers, Ufaransa, kusomea magonjwa ya wanawake, kisha akarudi. Hospitali yake ya Panzi ilikuja 1999.

Basi tazama. Yeye mwenye sababu tangu utoto alizungushwa. Mimi niliyekuwa na barua ya kunakili, nilipita moja kwa moja. Tangu nilipoliona hilo, nimeacha kuwahurumia wanafunzi wanaoniambia kwa aibu kwamba hawajui hasa kwa nini wanaomba.

Makaratasi yenyewe nitayapitia haraka, maana aliyeyafanya anayajua na asiyeyafanya hatayaamini. Biletini, yaani ripoti za shule, za miaka miwili ya mwisho, zenye muhuri. Cheti cha kufaulu, kwa sababu diploma yenyewe hutoka Kinshasa ikitaka. Cheti cha kuzaliwa kutoka komini. Picha. Bordero, yaani stakabadhi ya malipo ya benki. Cheti cha mwenendo mwema, ambacho shefu wetu wa avenyu, aliyenijua tangu nikibebwa mgongoni, alikiandika baada ya kuniuliza kwa sauti rasmi mimi ni mtoto wa nani, kisha akaomba ya soda. Na cheti cha afya ya mwili. Kwa hiki nilikwenda kwenye zahanati moja, daktari aliyechoka akaniuliza kama naumwa, nikasema hapana, akapiga muhuri bila kunyanyua macho. Nilipokuwa natoka muuguzi mmoja wa makamo akanishika mkono, akanikalisha, akanipima presha bila kuombwa na mtu, akasema iko vizuri kwa mtoto anayekimbizana na makaratasi. Faili halikuwa na mahali pa kuandika presha yangu.

Lakini mtihani mkubwa zaidi wa mwaka ule haukufanyika chuoni. Ulifanyika sebuleni kwetu.

Baba aliwaita watu baada ya misa. Alikuja baba mudogo kutoka Walungu, akaja shangazi, kaka yangu alikuwepo, mama alikuwepo. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango, kwa sababu katika kikao kama kile anayezungumziwa hukaa mahali anapoweza kutumwa maji. Wakati wetu udaktari ulikuwa miaka saba, mitatu ya kwanza na minne ya mwisho, kama hujarudia hata mmoja, na watu wengi hurudia. Minervali, yaani ada ya chuo, ililipwa kwa dola. Mshahara wa baba ulilipwa kwa faranga, ulipolipwa. Kilichotulisha kwa kweli ilikuwa ile primi ambayo wazazi wa wanafunzi huwachangia walimu, utaratibu uliozaliwa serikali ilipoacha kuwalipa na ambao haukuondoka. Maana yake, baba alikuwa analipwa na watu maskini ili awafundishe watoto wao, kisha achukue hiyo hiyo akamlipie wake.

"Mutoto mwanamuke, miaka saba?" baba mudogo aliuliza. "Ataolewa lini?"

"Weye mwenyewe ulioa na miaka ngapi?" shangazi akamjibu. "Tulikungojea mpaka tukachoka."

Watu wakacheka, na ikawa hilo ndilo jambo la mwisho la kuchekesha siku ile. Mama alitoa daftari lake. Alikuwa katika likelemba ya wanawake wa soko la Kadutu, chama cha kuchangiana pesa kwa zamu, na zamu yake ya kupokea aliijua kwa mwezi. Ninaposema kwa mwezi nasema ule wa angani pia. Sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi hufunga mitumbwi mitatu pamoja, huwasha mwanga, samaki huufuata. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina faida, samaki hutawanyika, na asubuhi wanawake wa soko hurudi na ndoo nyepesi. Kwa hiyo pesa ya mama ilikuwa inapanda na kushuka na mwezi. Tarehe za kulipa minervali hazikuwa na habari na mwezi. Mama alieleza haya kwa utulivu, ukurasa kwa ukurasa, na nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba mama yangu, aliyeishia darasa la nne, alikuwa mtu pekee chumbani mle aliyekuwa amepiga hesabu.

Hesabu haikutosha. Baba mudogo akatoa ahadi ya ng'ombe mmoja, kwa mwaka wa kwanza. Ikawa bado.

Kaka wakati huo alikuwa mwaka wa pili wa ujenzi katika taasisi moja ya mjini. Alikuwa na kipaji. Hata leo akiingia nyumba ya mtu hutazama kwanza dari. Alisema, "Mi nitasimama mwaka moja. Kisha nitarudi." Hakuna aliyembishia. Nadhani kila mtu alikuwa ameshafika hapo kichwani na alikuwa anangoja yeye aseme. Wiki chache baadaye alipanda lori kwenda Kamituga, mji wa dhahabu, kwenye barabara ambayo mvua ikinyesha inaweza kukushika siku kadhaa kwenye matope. Hakwenda kuchimba. Alifungua kibanda cha kuchaji simu za wachimbaji, akaongeza vipuri vya jenereta, na kutoka huko kila muhula pesa ilikuja, wakati mwingine mikononi mwa dereva, wakati mwingine imeshonwa kwenye shati.

Hakurudi darasani.

Mtihani wa chuo nilikuja kuufanya baadaye, katika ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Nakumbuka jambo moja tu. Sehemu ya Kifaransa ilikuwa ngumu kuliko ya biolojia, na ilipendwa zaidi na wasahihishaji, ndivyo tulivyoambiwa. Nilipita kwa sababu nilikuwa mtoto wa mwalimu wa Kifaransa. Leo, kwenye wodi ya watoto, nazungumza Kiswahili kutwa, Mashi nikiweza, na Kifaransa nakiandika kwenye faili la mgonjwa usiku. Hakuna mtihani uliowahi kunipima kama naweza kumweleza mama aliyetoka Kabare, kwa maneno atakayoyabeba hadi nyumbani, kwamba mtoto asinyimwe maji anapoharisha. Wapo wenzangu waliopata alama kubwa ambao mpaka leo hawawezi, na wapo waliokosa nafasi kwa sababu ya kanuni ya kitenzi ambao wangeweza. Nikipewa siku moja ya kuwa rekta ningeanzia hapo.

Kisha mwaka wa kwanza. Ukitaka kujua udaktari Bukavu unapokea nani, usiangalie orodha inayobandikwa ukutani kabla ya masomo. Ngoja deliberasheni ya mwisho wa mwaka, kikao cha walimu cha kuamua nani amepita. Tuliingia tukiwa umati. Kemia iliondoa wengine, fizikia ikaondoa wengine, na waliobaki wakaondolewa na kitu ambacho hakikuwa somo: dada aliyefiwa na mume akarudi nyumbani na watoto, baba aliyepunguzwa kazi, nyumba iliyoporomoka na kilima wakati wa mvua. Mvulana niliyekaa naye benchi moja, mwepesi wa hesabu kuliko sisi wote, aliacha kuja kabla ya Pasaka. Hakuanguka. Aliyekuwa akimlipia aliugua.

Katikati ya mwaka huo, Jumapili tarehe 3 Februari 2008, asubuhi watu wakiwa kanisani, ardhi ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa 5.9. Upande wa pili wa Ruzizi, Rwanda, waumini waliangukiwa na makanisa yao. Kwetu kuta zilipasuka, nyumba za matofali mabichi zilianguka, majeruhi wakaanza kumiminika. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza tulikimbilia hospitali tukiwa na makoti yetu mapya. Tulikuwa tunaweza kutaja mifupa yote ya kiganja kwa Kilatini. Hakuna aliyeweza kufunga jeraha.

Wagonjwa walikuwa wametolewa nje kwa kuogopa mitetemo mingine, wamelazwa uani juu ya mikeka na mashuka. Tulikuwa tunazuia njia. Mwisho muuguzi mmoja mwanamume, mzee wa makamo ya babu yangu, alinipa chupa ya dripu, akaninyanyua mkono kwa nguvu hadi juu ya kichwa changu, akasema: "Simama hapa. Shika hii. Usisonge." Nikasimama. Jua lilikuwa kali, mkono ukafa ganzi, nikabadilisha, nikabadilisha tena. Mwanamke aliyekuwa chini ya dripu hakunitazama hata mara moja, alikuwa anamtafuta mtoto wake kwa macho. Nilijua, kwa uhakika ambao sikuwahi kuwa nao juu ya jambo lolote, kwamba sitaki kuwa mahali pengine. Sababu yangu niliipata hapo, baada ya kuingia, wakati tayari ng'ombe ameuzwa na kaka yuko Kamituga.

Miaka mingi baadaye niliomba nafasi ya kusomea magonjwa ya watoto nje ya nchi. Fomu ilikuwa na ukurasa mzima wa swali ambalo Bukavu haikuwahi kuniuliza: kwa nini? Huko Marekani kila anayeomba udaktari huandika simulizi kama hiyo, na wapo wanaolipwa kuzinoa. Mwenzangu aliyekuwa ameshapita njia hiyo alinishauri bila haya: "Andika vita. Watu wa kule wanapenda vita. Huna ndugu aliyekufa mikononi mwako?" Nilimwelewa. Mtu wa Kivu ana vita vya kutosha vya kuandika, tangu 1996, na hahitaji kuongeza chumvi. Lakini niliona jinsi swali lile linavyomfundisha mtu kuchagua maiti iliyo bora. Asiye na msiba wa kuvutia ataazima. Kijana wa miaka 18 akiulizwa kwa nini, atanakili, kama mimi nilivyonakili barua kwa Rekta. Tofauti ni kwamba barua yangu kila mtu alijua ni ya kunakili, na haikumdanganya yeyote.

Niliandika kuhusu chupa ya dripu na kuhusu daftari la mama. Nafasi niliipata, sijui kwa lipi kati ya hayo mawili.

Kwa hiyo nikiwa mbele ya vijana wanaosubiri karatasi za mtihani, kalamu mbili mbili mkononi, sitamani kuwauliza kwa nini. Natamani kuwauliza mambo ambayo fomu zetu zinayaona aibu. Nani atalipa mwaka wa tatu, si wa kwanza? Wa kwanza kila mtu hulipa, poda ikiwa bado nywelani. Nani nyumbani anaacha nini ili wewe uketi hapa, na je, mmelisema kwa sauti, au kila mtu anangoja mwingine aanze? Ukirudia mwaka, nani ataambiwa kwanza? Faili lina jina moja juu yake. Ningependa liwe na nafasi ya majina mengine, hata kama ofisi haitayasoma, kwa sababu nimeona wanafunzi wengi wakiangushwa na jina lililokosekana kuliko na kemia. Na nimeona pia wachache ambao walilipiwa kila kitu na baba mwenye magari, wakamaliza, na leo wanauza vifaa vya ujenzi. Hao sina la kusema juu yao, udaktari haukuwadhuru.

Wanaoniomba ushauri huwaambia wafanye kile alichofanya mama: daftari, mwezi kwa mwezi, miaka yote, na safu ya mwaka wa kurudia iwemo. Wengi hukasirika. Walitaka niwape maswali ya zamani ya kemia.

Mwaka 2025 swali la nani anaacha nini lilirudi kwetu nyumbani. Kaka alikuwa ameshahamia tena Bukavu, na duka lake liko si mbali na Nyawera. Februari mwaka huo mji ulipochukuliwa na waasi wa M23, benki zilifunga, na pesa taslimu ikaadimika. Watu wakawa wanavuka kwenda Kamembe, Rwanda, kuitafuta, au wanalipa kwa simu na kukatwa njiani. Bordero, ile karatasi ndogo kabisa katika faili, ikawa ngumu kupata kuliko asilimia. Katikati ya hayo binti yake mkubwa alimaliza sekondari, Biolojia-Kemia, na namba nzuri kuliko yangu. Kaka alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameweka akiba ya udaktari wa mtoto huyu tangu Kamituga, na kwa kuwa hakuiweka benki, bado alikuwa nayo.

Binti akasema anataka uuguzi, pale ISTM, taasisi ya masomo ya kitabibu.

Kaka alikuja kwangu usiku huo huo. "Weye ni dokta," alisema, "umwambie." Nilimwita mtoto siku iliyofuata, na kwa mara ya kwanza maishani nikamuuliza mwombaji swali lile nililolichukia, kwa nini, kwa sababu hakuna njia nyingine niliyoiona. Hakuwa na hadithi ya mgonjwa. Alisema masomo ya uuguzi ni mafupi, ataanza kazi mapema, na mdogo wake, wa kiume, anamaliza sekondari mwaka unaofuata. "Shangazi, Baba aliacha masomo juu yako. Mi sitaki mutu aache juu yangu. Kisha nikiwa na kazi yangu, nikitaka udaktari nitajilipia."

Nilimuuliza kama amepiga hesabu. Akatoa simu, akanionyesha. Safu ya mwaka wa kurudia ilikuwemo.

Nilimwambia kaka kwamba sitamshawishi. Alinisikiliza akiwa amesimama, akaangalia dari yangu, akasema kuna ufa pale kwenye kona na niutengeneze kabla ya mvua. Halafu akasema hakukaa Kamituga miaka yote ile ili mwanawe ashike sindano. Nikamkumbusha babu alishika sindano. Akasema babu hakuchagua. Hapo alikuwa na haki, na sikuwa na jibu, lakini mtoto huyu anachagua, na hilo pia nilimwambia.

Tangu siku ile ananijibu kwa ujumbe mfupi tu. Binti ameshaandika barua yake kwa mkurugenzi wa ISTM, ya kunakili, koma zote mahali pake. Anasubiri sahihi ya baba yake, na maombi yanafungwa mwisho wa mwezi.